Bibi Alikataza Nisitazamwe

Nilikuwa bado na meno ya utoto tulipohamia kijiji cha ujamaa, pande za Mwimbi. Nyumba mpya zilipangwa mstari, na upepo wa Ufipa ulipita katikati yake bila kizuizi. Sisi watoto tulilala chini ya blanketi moja: mimi, mdogo wangu Deo, na Oliva aliyekuwa ameachishwa ziwa karibuni.

Baridi ilipokolea, macho yangu yakaanza kuwasha, yakawa mekundu. Asubuhi kope ziligandana kwa matongotongo hata nisiweze kufumbua mpaka Mama ayalainishe kwa maji ya vuguvugu. Bibi, aliyemzaa Baba, alitoa amri pale pale jikoni.

"Mtu asimtazame Skola usoni. Ugonjwa wa macho hupita machoni. Ukitazamana naye unakurukia kama kiroboto."

Hakuwa mkali, aliogopa tu. Lakini tangu hapo Deo alinipa bakuli la uji huku akiutazama ukuta. Baba aliniuliza hali akiwa ameelekea mlangoni. Hata kwenye rozari nilipiga magoti nyuma ya wote. Nami niliinamisha kichwa, kwa sababu nilimpenda mno Oliva na sikutaka jicho langu limguse.

Ugonjwa uliruka hata hivyo. Ulianza kwa Deo, ukaja kwa Oliva, na kwake ukawa mbaya: kope zilivimba, akawa anapapasa ukuta kutafuta mlango.

"Nilisema mimi," Bibi alilia. "Umemtazama mtoto, Skola?"

"Sikumtazama, Bibi."

Bibi alizidi kulia. Nikaanza kujitilia shaka; labda nilimtazama usingizini.

Mama alitupeleka zahanati sote, Bibi akifuata nyuma. Tukiwa tunangoja zamu, Mama alishika pindo la kitenge chake, akanipangusa uso, akampangusa Deo, kisha Oliva, kama alivyofanya kila asubuhi. Muuguzi, dada mmoja aliyetoka Mbeya, alimwona.

"Mama, subiri kwanza. Pindo hilo hilo unawapangusia wote?"

"Hilo hilo. Si wanangu wote?"

"Basi ndilo linalobeba vijidudu, kutoka kwa huyu kwenda kwa huyu. Na nzi, na mikono yao, na nguo wanazojifunika."

Bibi hakuridhika. "Si macho ya huyu mkubwa yaliyomtazama mwenzake?"

Muuguzi alinishika kidevu, akainua uso wangu, akapindua kope na kuchungulia ndani. Alinikaribia hata nikajiona, kadogo, kwenye mboni zake.

"Shikamoo Bibi," alisema bila kuniachia. "Mimi huyu namtazama. Wiki ijayo njoo uyaangalie macho yangu."

Nikalia, na dawa aliyokuwa amenipaka ikachuruzika, ikabidi anipake tena.

Alitupa dawa ya kupaka familia nzima, hata Baba ambaye hakuumwa. Mama akachana kitenge kikuukuu, kila mtoto akapata kitambaa chake, na kunawa uso kwa sabuni kukawa sheria. Bibi alirudi zahanati kweli. Alimkagua yule muuguzi jicho moja moja, akayakuta mazima, akarudi nyumbani. Siku chache baadaye Oliva alisimama uani, akanyoosha kidole, akapiga kelele, "Kuku!" Mama alikaa chini palepale kwenye vumbi, akacheka huku analia.

Jioni ile Bibi aliniita. "Njoo hapa penye mwanga, nikuone." Alinitazama muda mrefu. "Kumbe una macho ya babu yako."

Sasa nimekuwa bibi mwenyewe, na simcheki. Kabla ya mtu yeyote kumfundisha, alikuwa ameshaona kwamba maradhi haya hupita kutoka mtoto hadi mtoto ndani ya nyumba. Alichokosea ni njia tu. Maumivu yenyewe nimeyasahau. Ninachokumbuka ni kwamba niliamini nimempofusha mdogo wangu kwa kumtazama, na mtu mzima mmoja akaniinua kidevu, akanionyesha kwamba sivyo.