Mgonjwa Niliyemwombea Jumuiyani

Acha nijicheke mwenyewe kabla hamjanicheka. Alhamisi jioni hamnibandui mbele ya runinga, maana kuna tamthilia ya shujaa mmoja anayepaa angani, Joeli. Wiki ile iliishia kaanguka kutoka ghorofani, hata kope hazichezi. Jumamosi, kwenye sala za jumuiya yetu hapa Matiri, moyo ukiwa bado mzito, nikajikuta nasema kwa sauti: “Tumwombee Joeli, ameanguka vibaya.”

“Ee Bwana, utusikie!” wote wakaitikia. Bibi mmoja akafuta machozi. Ningesemaje tena?

“Ni ndugu yako?” akauliza Mama Kapinga, mwenyekiti wetu.

“Wa karibu kabisa,” nikajibu.

Alhamisi iliyofuata ndiyo kwanza nimejinyoosha kwenye kochi, nikasikia hodi. Jumuiya nzima iko mlangoni, na unga wa mahindi na mkungu wa ndizi.

“Joeli amelazwa wapi? Tumekuja utupeleke tukamwone.”

Kabla sijafumbua mdomo, runinga ikanguruma: “Joeli amerudi!” Naye huyo, akapasua mawingu. Mama Kapinga akamtazama, akanitazama, akaushusha mkungu wake sakafuni.

“Sogea huko,” akasema. “Tulimwombea wote, tutamtazama wote.”