Nilivyofundishwa Kutompisha Mtu Njiani

Kaniki mpya ina harufu yake. Nikifungua robota dukani kwangu, kabla sijagusa kitambaa, ile rangi hunipanda puani, chungu kidogo, kama majani yaliyolowekwa mtungini yakasahauliwa. Papo hapo mimi mwenye duka, mwenye mashine mbili za kusaga na nyumba ya bati yenye baraza mbele na nyuma, nageuka mtoto wa miaka kumi aliyefungwa macho, anapapasa ukuta wa udongo akitafuta mlango. Wateja huona nimefumba macho nanusa, wakadhani nakagua kama rangi itachuja. Nawaacha wadhani hivyo. Inasaidia biashara.

Watu wa mji huu hupenda kuniuliza, "Mzee, wewe ulisoma wapi?" Wananiona nikipiga hesabu kichwani nikawahi kabla karani hajachovya kalamu. Nami huwajibu bila haya: nilisoma siku tisa, Kilakala, kwa Bi Siwema. Hawamjui. Chuo chake hakikuwa na ubao wala kengele, na mwalimu mwenyewe alizaliwa haoni. Lakini nawaambieni ninyi mnaosoma haya, watoto wangu nimewapeleka shule za majengo, wamerudi na vyeti, na bado sijamwona hata mmoja aliyefundishwa akafundishika kama mimi. Haya nayaandika kwa mkono wangu mwenyewe. Herufi nyingine zimelala chali, ila zinasomeka.

Ilikuwa zamani za Mjerumani. Garimoshi lilikuwa bado jambo geni, watu wa milimani wakishuka Morogoro kulitazama tu kisha wakarudi kusimulia. Sisi tulikaa juu, Uluguru, mahali ambapo shamba limesimama kama ukuta, na boga likikuponyoka unakwenda kuliomba kwa jirani wa chini. Njia zetu zilikuwa za nyayo mbili tu, upande mmoja mlima, upande wa pili hewa.

Nilikaa na mama yangu na kaka yake, Mjomba Kibwana, ambaye ndui ilimpofusha angali kijana. Kwetu mjomba ndiye mwenye neno juu ya watoto wa dada yake, kwa hiyo aliyenipa jina, akanilea na akanichapa, ni yeye. Kunichapa hakukuhitaji kuona. Alisikiliza ninavyopumua, akajua nimejificha wapi.

Alikuwa fundi wa mikeka. Vidole vyake vilitembea kwenye ukili kama maji, na watu walipanda kutoka mjini kuufuata mkeka wa Kibwana. Ila mke hakuwa naye, na umri ulikuwa unakwenda. Ndipo akaja Mwanaidi, binti wa kijiji cha ng'ambo ya bonde, kununua mkeka mmoja. Alikaa kutwa nzima akiuchagua, na sisi tulio nje tulisikia vicheko tu. Wiki iliyofuata akarudi kusema mkeka una kasoro. Haukuwa na kasoro yoyote.

Mwanaidi alikubali kuolewa. Akabaki mjomba wake, Mzee Shomari, aliyetaka mchumba aje mwenyewe ajitambulishe. Nami nikachaguliwa kumwongoza Mjomba huko ukweni.

Sasa nisikilizeni vizuri. Mimi nilikuwa mtoto mwenye adabu. Sijisifu, kijiji kizima kililijua hilo. Na kwetu mtoto akikutana na mkubwa kwenye njia nyembamba hutoka njiani, akashuka upande wa chini, akachutama, akaamkia, na hapandi tena mpaka mkubwa amepita. Basi tukaenda, mkono wa Mjomba begani mwangu, mpaka juu ya mto, penye njia nyembamba kuliko zote. Mbele yetu akatokea bibi mmoja ana mzigo wa kuni kichwani. Nikafanya nilivyolelewa. Nikarukia upande wa chini, nikashika kichaka, nikachutama. "Shikamoo, bibi!" Nilisema kwa sauti nzuri kabisa.

Nilisahau kwamba bega langu lina mtu.

Mjomba alilifuata bega. Alinipita juu ya kichwa. Nikasikia matawi yakivunjika, kisha kitu kingine kikavunjika ambacho si tawi, na bibi wa watu, kabla hajaelewa lililotokea, akaitikia, "Marahaba, mjukuu wangu."

Walimrudisha nyumbani kwa machela ya mianzi, mguu ukafungwa vibao. Siku ya tatu akaja kijana kutoka ng'ambo na maneno ya Mzee Shomari, akayasema akitazama vidole vyake vya miguu. "Mzee anasema, binti yetu hatumpi mtu wa kubebwa. Mahindi yakishavunwa, akifika kwa miguu yake, mzima, tutaongea. Akiletwa kwa machela tena, asijisumbue. Kuna mtu wa mjini amekwisha kumuulizia."

Jamaa wakakaa kikao. Binamu yake Mjomba, Hamisi, mtu wa kifua, akajipiga hicho kifua kwamba yeye ndiye atakayemfikisha, hata kwa kumshika kiunoni. Mjomba akasema kutoka kitandani, "Nataka huyu huyu."

Mama akashika kichwa. "Kaka, huyu huyu aliyekutupa?"

"Huyu huyu. Ila mpelekeni kwanza kwa Bi Siwema."

Kilakala siku hizo ilikuwa mashamba na kijito. Bi Siwema alikuwa mwembamba, ananuka ugoro, na nyumba yoyote yenye mtu asiyeona ilimletea mtoto wao amfunde. Nilimkuta uani anachambua maharage, mabovu huku, mazima huku, upesi kuliko mama yangu mwenye macho mawili.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba. Wewe ndiye uliyemmwaga mjomba wako?"

"Ndiyo, Bi."

"Nimesikia ulimmwaga kwa adabu. Basi hapa tutaitoa."

Akanifunga kaniki machoni, mpya, mizunguko mitatu, nikakaa nayo siku tatu mchana kutwa. Mjukuu wake Zena, msichana wa rika langu, akapewa kazi ya kuniongoza vibaya, na sijapata kuona mtu akiipenda kazi yake namna ile. Alinikokota kwa kifundo cha mkono kama mbuzi wa sadaka. Alisimama ghafla, nikamgonga. Aliniacha katikati ya uwanja akaenda zake kucheza, na mimi sina cha kushika, sijui mbele wala nyuma, nimenyoosha mikono kama mtu anayepokea mtoto mchanga. "Haya, umefika, kaa!" akaniambia, nikakaa. Nilikuwa nimefika zizini kwa mbuzi. Jirani akapita, akauliza, "Huyu mtoto amekula?" Zena akajibu, "Hajala, hapendi mlenda." Nami nipo hapo hapo, nina mdomo, na mlenda naupenda!

Siku ya tatu nililia ndani ya kaniki, rangi ikanitiririka mashavuni. Bi Siwema akanifungua.

"Umechukia?"

"Sana, Bi."

"Zena hajafanya lolote ambalo wewe hulifanyi nyumbani. Sasa tuanze kusoma."

Basi tukaanza. Humshiki mtu, unampa bega, yeye ndiye akushike. Mzizi unautaja kabla mguu wake haujaufikia, maana ukiutaja baada ya hapo unampa habari tu. Mkisimama, humwachi hewani, unampa mti au ukuta aweke mkono. Akiulizwa yeye, wewe unanyamaza, hata kama jibu unalijua, hata kama unalijua kuliko yeye. Hilo, kwa mtoto mwenye akili nyingi kama mimi, lilikuwa gumu kuliko yote. Zamu hii alifungwa macho Zena nikamwongoza mimi, kupanda na kushuka kingo za kijito, na kila nilipokosea alipiga ukelele kama anachinjwa, hata nilipokuwa sijakosea.

Njiani ndiko Bi alikonikalia zaidi, na kifimbo mkononi.

"Anakuja mkubwa. Unafanya nini?"

"Nampisha, Bi."

Kifimbo.

"Anakuja mkubwa!"

"Namweka mtu wangu upande wa mlima. Mkono wake ushike udongo. Mimi nakaa upande wa hewa. Halafu ndiyo naamkia."

"Anakuja babu yako mzaa mama?"

"Hivyo hivyo."

"Anakuja Mjerumani?"

Nikakitazama kifimbo. Hata Zena aliacha kucheka.

"Nimekuuliza, mwana wewe. Anakuja Mjerumani."

"Hivyo hivyo, Bi," nikasema, nikiomba moyoni asije akanijia.

Mahindi yalivunwa. Mjomba alikuwa amesimama, anachechemea kidogo. Mama akamvisha kanzu iliyofuliwa mpaka ikawa laini kama pamba, akaniambia neno moja tu, "Irudi nyeupe." Tukaondoka asubuhi, mkono begani. "Tunashuka. Mzizi. Jiwe, mguu wa kulia." Nilikuwa hodari, jamani, acheni niseme.

Tulipofika juu ya mto, mahali pale pale, nikasikia watu waliotutangulia wakiruka njiani kama panzi. Akida anakuja. Akida alikuwa mtu wa pwani aliyewekwa na Wajerumani atutawale, na mbele yake walitembea askari wawili. Kumpisha akida hakukuwa adabu tu. Asiyepisha alilala chini akahesabiwa viboko.

"Toka njiani!" askari wa mbele akapiga kelele.

Miguu yangu ilikwisha kugeuka kuruka. Naikumbuka ilivyogeuka. Kisha nikasema, na sauti yenyewe ilikuwa nyembamba kama ya kifaranga, "Mjomba, mlima uko kushoto. Hatua moja. Bado nusu. Weka mkono."

"Wewe mtoto kiziwi? Toka!"

Kiboko kikatua kwenye shavu la mguu wangu. Sikuruka. Nikauchukua mkono wa kushoto wa Mjomba nikauweka kwenye udongo, nikamwambia, "Kuna mzizi hapo, ushike," akaushika. Ndipo nikazunguka upande wa hewa, visigino vyangu vikawa havina kitu chini yake.

"Kuna nini huko mbele?" akida akauliza.

Nilitaka kujibu. Nikaumeza ulimi. Mjomba akasema, bila haraka, "Shikamoo, Bwana Akida. Mimi sioni. Mtoto alikuwa ananiweka mahali."

Akida akatutazama, mimi na damu yangu, Mjomba na kanzu yake. "Haya, amekuweka," akasema, kama mtu aliyecheleweshwa na ng'ombe. Nikaamkia. Hakuitikia. Viatu vyake vilipita mbele ya vidole vyangu, vikaenda.

Mzee Shomari alitupokea mlangoni kwake. Alimzunguka Mjomba mara mbili, akiitazama ile kanzu kama anayenunua fahali, akitafuta tope. Hakuliona. Kisha akauona mguu wangu.

"Na huyu je?"

"Muulize mwenyewe," Mjomba akasema.

"Nimechapwa na askari, babu. Sikumpisha akida."

"Mtoto asiyewapisha wakubwa! Nani amekulea?"

"Mjomba."

Mzee akacheka mpaka akashika nguzo ya mlango, na nyuma ya ukuta nikasikia mtu mwingine akicheka, kicheko nilichokifahamu tangu siku ile ya mkeka. "Kaeni," Mzee akasema. Harusi ilifanyika kabla ya mvua.

Kisa hiki nimekisimulia barazani miaka mingi kama ushujaa wangu, na ulikuwa ushujaa, asinipunguzie mtu. Lakini lipo jambo sikuwa nalisimulia, maana nilikuwa sijaliona. Kiboko kilipotua, mkono wa Mjomba ulikuwa begani mwangu, nao haukubana. Vidole havikukaza hata kidogo. Vilikaa kama alivyoviweka tulipotoka nyumbani. Utotoni nilidhani hakujua kumetokea nini.

Nimekuja kuelewa ukubwani, nilipopata watu wa kufanya kazi chini yangu. Mimi, mtu akiniharibia mara moja, mara ya pili nasimama nyuma yake nampumulia kisogoni mpaka mikono inamtetemeka, akaharibu tena. Nami hujiona mwenye akili. Mjomba aliusikia ule mto. Alikisikia kiboko. Alipajua mahali pale kuliko mimi, maana mfupa wake ulivunjikia hapo. Angenibana, ningejua anaogopa, na ningejua, ningekimbia.

Mimi nilipelekwa kwa Bi Siwema siku tisa nikafundishwa kumwongoza mtu. Yeye hakupelekwa popote. Kuliamini tena bega lililomwangusha alijifundisha mwenyewe, mguu umefungwa vibao, miezi ile yote niliyodhani amelala tu.