Asubuhi za Mama Kaliza

Kila nikimkumbuka Christella namwona amepiga magoti sakafuni, mkasi mkononi, chaki ameibana kwa midomo, na ole wako umsemeshe. Alikuwa fundi cherehani, jirani yangu pale Kabeza, Kigali, na mimi ni mtu wa maneno mengi, kwa hiyo mwanzoni hatukuivana hata kidogo. Siku nilipompigia hodi kumkaribisha mtaani alinijibu kupitia dirishani.

"Dada, nisamehe. Rudi jua likifika mlangoni. Sasa ni saa ya mkasi."

Nikasema moyoni, huyu mwanamke wa Bujumbura ana maringo kweli.

Kumbe hakuwa na maringo, alikuwa na moyo mgonjwa. Daktari kule Burundi alimwambia apunguze kazi, naye hakupunguza, aliipanga tu upya. Alijichunguza kama mtu anavyochunga maziwa jikoni, akajua nguvu zake hupanda lini na hushuka lini. Asubuhi mkono wake ulikuwa imara na akili imetulia, basi asubuhi alikata vitambaa, maana mkasi ukikosea umekosea. Jua likipanda aliketi kwenye cherehani. Baada ya chakula miguu ilivimba na mawazo yakawa mazito, ndipo aliposhona vifungo na kukunja upindo, kazi ambayo hata mimi mvivu ningeiweza. Jioni hakugusa kitu. Kule Buyenzi, Bujumbura, alikokulia, mtaa mzima ulijua utaratibu wake na hakuna aliyemsumbua.

Lakini Kigali ya mwisho wa mwaka 1994 haikuwa Buyenzi. Alikuja mwezi wa nane na Kaliza, binti yake wa pekee, kama walivyokuja wengi ambao wazazi wao walikimbia Rwanda zamani. Mimi nilikuwa nimehamia hapo kutoka Nyamirambo. Katika uchochoro wetu hakuna hata mmoja aliyekuwa akiishi hapo kabla ya mauaji ya Aprili. Tulikuta nyumba wazi, tukaingia tulikoonyeshwa. Katika nyumba ya Christella, kwenye fremu ya mlango wa sebuleni, kulikuwa na alama za penseli mahali watoto walipokuwa wakipimwa urefu. Alipaka rangi ukuta mzima, fremu hakuigusa.

Na watu walikuja. Wanaotafuta watu wao huamka mapema, kwa hiyo walikuja asubuhi. Walisimama getini wakitaja jina la mwalimu aliyekaa pale, Mugenzi, na majina ya watoto wake. Christella hakuwa na la kuwaambia. Lakini huwezi kumjibu mtu wa namna hiyo amesimama. Aliweka mkasi chini, akawaketisha, akawapa chai, akasikiliza yote, kisha akawasindikiza, maana kwetu mgeni haachwi mlangoni, unamtoa mpaka njiani. Aliwafikisha hadi barabara ya uwanja wa ndege na kurudi akipanda kilima, mkono kifuani. Akifika nyumbani, ile asubuhi ilikuwa imekwisha.

Nilikasirika kwa niaba yake. Nilimwambia, "Mama Kaliza, funga geti. Waje alasiri."

"Niwaambie wasubiri mpaka nivimbe miguu?"

Nikanuna.

Kisha Kaliza akachumbiwa na Bertrand, kijana mpole wa Kanombe, na harusi ikapangwa. Christella alikuwa na kipande kimoja cha satini nyeupe, alichokibeba kutoka Bujumbura kwenye mapaja yake safari nzima. Madukani mwetu wakati ule ungetafuta satini kama ile mpaka uchoke. Hakuwa na kingine cha kumpa bintiye. Hakuwa na ng'ombe, shamba wala ndugu wa kumsimamia. "Gauni hili akilivaa nimemaliza wajibu wangu," aliniambia, na alisema kwa uchovu ulionitisha.

Wiki ile ya harusi kila asubuhi alitandika kitambaa, na kila asubuhi geti liligongwa. Alifanikiwa kukata kiwiliwili na sketi kwa kuibiaibia muda. Ikabaki mikono ya gauni, na ikabaki siku moja. Nikaapa kwamba siku hiyo atakata, hata kama ni kwa mimi kulala getini. Nilichukua kigoda changu alfajiri, nikakaa nje kama askari wa kambi.

Akaja bibi kizee mmoja, mwembamba, viatu kashika mkononi.

"Naitwa Mukankusi," alisema. "Mugenzi ni mtoto wangu. Alikuwa anakaa hapa."

Nilikuwa nimeandaa maneno makali. Yalipotea yote. Nikasema kwa sauti ndogo, "Mukecuru, bibi yangu, hatukumkuta. Hakuna anayejua hapa."

"Najua, mwanangu. Nimeuliza kila mahali, sasa siulizi tena. Nataka tu kukaa ndani kidogo."

Mimi Swafiya, ninayejibizana na wanajeshi, nilisimama nikamfungulia geti.

Satini ilikuwa imetanda sebule nzima na Christella yuko katikati yake, mkasi umeshafunguliwa. Mukankusi hakuikanyaga. Alisimama penye fremu ya mlango, akaona zile alama za penseli, akaweka kiganja juu ya ile ya chini kabisa, akakiacha hapo. Hakulia. Mimi ndiye niliyelia, na wala sikuwa nimeombwa.

Christella alikunja kitambaa taratibu, akaleta kiti. Walikaa. Jua lilifika mlangoni, likapita. Kisha akamsindikiza, wakiwa wameshikana mikono, wote wawili wakitembea kama wagonjwa.

Alirudi midomo ya bluu. Nilimsihi alale. Alisema harusi ni kesho. Alipiga magoti alasiri, saa ambayo maisha yake yote hakuwahi kushika mkasi, na nilikaa pembeni nikishika ncha ya kitambaa, nisiwe na msaada wowote. Satini iliyobaki ilikuwa finyu, haikutosha kukunjwa mara mbili ili mikono itoke pamoja. Ilibidi akate mmoja, ageuze karatasi ya kipimo, akate wa pili. Alikata wa kwanza. Akapumzika. Akakata wa pili. Aliponyanyua yote miwili nikaona uso wake umebadilika. Karatasi hakuigeuza. Ilikuwa mikono miwili ya kushoto.

Kitambaa kilikuwa kimekwisha. Aliugeuza mmoja, upande wa ndani usiong'aa ukatokea nje, ili ukae kulia, akaushona hivyo hivyo.

Kaliza aliolewa mkono mmoja unang'aa na mwingine umefifia. Alimbusu mama yake, akasema ni zuri, na baadhi ya watu wakadhani ni mtindo wa Bujumbura. Christella alikaa benchi la mbele akiangalia ule mkono wa kulia misa nzima. Sikumwona akiangalia kitu kingine.

Wiki iliyofuata nilisikia geti lake likilia asubuhi. Nikachungulia. Alikuwa Mukankusi, viatu mkononi. Ndani, sakafu ilikuwa tupu, hakuna kitambaa wala chaki, na viti viwili vimewekwa kando ya fremu ya mlango. Nikamvuta Christella jikoni.

"Umemwambia aje tena?"

"Aliomba. Anakuja kila siku."

"Na kazi yako? Si umesema asubuhi ni ya kazi ngumu?"

Alikuwa anamimina chai, anashika birika kwa mikono miwili.

"Swafiya, nina kazi gani nyingine ngumu kuliko hii? Alasiri siiwezi kabisa."

Nilipokea birika, kwa kuwa lilikuwa zito, nikaenda kuwamiminia.