Nilikanusha Jambo Ambalo Hakuna Aliyelisema

Kosa ni langu, ndugu zangu. Patron, bosi wangu mwenye duka, ana lake, lakini aliyeandika ni mimi.

Nilikuwa nashughulikia ukurasa wa Facebook wa duka moja la jumla hapa Kasuku, mjini Kindu. Mama Aziza, mwenzetu wa kwenye kasa, anayepokea pesa za wateja, akaandika kwenye ukurasa wake mwenyewe: "Wakati wa vita tulikula majani ya sombe bila chumvi. Kuna wengine walinenepa." Basi. Hakutaja mtu.

Kufika mchana maoni yamejaa. Wengine wanacheka, wengine wanataka duka limfukuze kwa kuchokoza vidonda. Patron akaniita, jasho linamtiririka. Nami, bingwa wa mawasiliano, nikamshauri amfukuze upesi, kisha tutoe komunike, tangazo rasmi la duka. Mama Aziza yule yule aliyenilisha nilipofika kutoka Kailo, akaniombea na kazi!

Alipofukuzwa hakulia. Aliniuliza tu: "Mu ile maneno yangu, jina ya patron iko wapi?"

Nikajifanya nimeshughulika na simu.

Komunike patron aliitamka, mimi nikaipamba: "Duka letu halikuwahi kuficha chumvi katika depo ya nyuma wakati wa vita." Nikaweka nembo, nikaweka na bendera ya taifa. Nikaituma, nikajipongeza kwa soda baridi.

Jamani! Nani alikuwa ametaja depo?

Kindu nzima ikauliza hivyo hivyo, huku ikicheka. Patron akaniamuru nifute, lakini ilikuwa imeshafika kwenye kila simu ya mji.

Kesho yake mama mmoja mzee akaingia dukani. Alimsalimia patron kwa heshima, akasema: "Papa, bwana yangu alienda Lubutu na miguu kutafuta chumvi. Hakurudia. Ninaomba kuona ile depo."

Hapo hakuna aliyecheka. Patron akanitazama, kana kwamba mimi ndiye mwenye funguo.

Nilifukuzwa siku hiyo, patron akatangaza kwamba maneno yote niliyatunga mimi. Mama Aziza akabembelezwa arudi, akakataa. Sasa anauza samaki sokoni. Zamani aliniita mutoto wangu. Nikimsalimu siku hizi, anajibu: "Bonjour, monsieur."

Ninyi mnaoandikia wakubwa, patron akianza kukana kitu ambacho hajaulizwa, wekeni simu chini mtoke nje. Mkibaki, mtakuwa mnaungama kwa niaba yake, halafu mtafukuzwa ninyi.