Folda Zilizomtoa Hana Kazini

Steshenari ya Gideon iko jirani na stesheni ya treni ya Mpanda, na kwa miaka mingi aliyeimudu kompyuta yake alikuwa Hana peke yake. Ndiye aliyempokea Generosa alipotoka Kibaoni akiwa hajui hata kuwasha mashine. Akamfundisha kuchapa, akaishi naye chumba kimoja mpaka alipopata pake.

Kero ilikuwa kutafuta. Mteja akirudi kurekebisha mkataba wa kiwanja, Hana anafungua folda moja baada ya nyingine, huku Generosa akiwatuliza watu barazani. Faili nyingi hazikuwa na jina la maana.

Siku moja mvua iliwazuia wateja, Generosa akakaa kwenye mashine. Faili akazipa majina ya wenyewe na kata zao. Folda zinazoombwa kila siku, mikataba, barua za kazi, kadi za harusi, akazibandika upande wa kushoto wa dirisha la faili kwenye skrini zionekane wakati wote. Akaseti dirisha lifunguke moja kwa moja kwenye kazi za wiki hiyo, mpya zikiwa juu.

"Dada Hana, njoo uone. Taja mteja yeyote."

"Yule baba wa Sibwesa, wa trekta."

Generosa akabonyeza, mkataba ukatokea. Hana akamkumbatia. "Mdogo wangu, umetuokoa!"

Foleni ikaisha. Gideon, aliyezoea kupita jioni, akaanza kuwakuta wamekaa tu. Akauliza kulikoni. Generosa akamwonyesha kila kitu kwa furaha, bila kufikiri.

"Kumbe hii ni kazi ya mtu mmoja," Gideon alisema.

Jumatatu alimwachisha Hana, akambakiza Generosa kwa kuwa ndiye aliyelipwa kidogo.

Generosa alimkimbilia Hana mpaka kwenye bajaji. "Dada, sikujua. Nitavuruga kila kitu kirudi kama zamani."

"Vuruga, usivuruge, mimi nimeshatolewa." Hana alikuwa akipanga begi lake miguuni. "Mimi kunionyesha sawa. Yeye ulimwonyesha ya nini?"

Bajaji ikaondoka.

Generosa alipomwombea Hana kwa Gideon, aliambiwa kama kazi imemshinda aseme, wanaoitaka wapo. Alikuwa na mtoto wa kulea. Akarudi kuchapa.

Hana sasa analima mahindi kwa mama yake huko Sibwesa, na simu za Generosa hapokei. Gideon ameongeza mashine ya kutoa kopi, nayo anaihudumia Generosa huyohuyo. Mtoto wake alipougua malaria hakupata wa kumshikia kazi. Alimlaza chini ya meza juu ya maboksi ya karatasi, akaendelea kuchapa kadi za harusi, akiinama mara kwa mara kumgusa paji la uso.

"Dada, wewe una mkono mwepesi kweli," mteja mmoja alimsifu.

Generosa alimpa kadi zake, akamwita anayefuata.