Kiraka cha Mkia wa Samaki

Yule bibi fundi wa ufukwe wa Makaha, achongaye mbao za kuteleza juu ya mawimbi, hapimi kwa futi. Hufumba macho, akaupapasa ubao taratibu, kama mama anayetafuta homa mwilini mwa mtoto. Viganja vyake vimekolea weusi wa mafuta ya kokwa za mti wa kukui, na sauti yake haipandi hata tezo ikiteleza. Ubao wa mti mgumu uitwao koa alioushughulikia kwa miezi saba ulipopata ufa, jirani yake Palani, mpenzi wa mbao za plastiki, alimshauri autupe. Fundi akachonga kiraka chenye umbo la mkia wa samaki, akakipachika juu ya ufa bila msumari hata mmoja.

Siku ya mawimbi makubwa aliubeba begani hadi ufukweni, Palani akimfuata nyuma.

“Anti, utakatika huo! Na miaka yako sitini na tisa!”

“Basi kaa hapo uokote vipande, mwanangu.”

Wimbi lilimnyanyua hadi kimo cha paa la nyumba. Palani akabana pumzi. Fundi akasimama wima, akaukata ukuta wa maji kwa mshazari, akafika karibu na mchanga juu ya ubao uliokuwa mzima. Ufuo ukalipuka kwa shangwe, na Palani akajitosa majini na viatu vyake, akipaza sauti:

“Anti! Nichongee na mimi!”