Mita ya Mzee Awadhi Kwenda Hadhramauti

Oyaa, nyie mnaopimaga safari kwa simu, sogeeni hapa. Na wewe uliyekalia pampu yangu, inuka, hiyo siyo stuli. Leo nawaambia kazi ya mita ya baiskeli, kabla haijasahaulika pamoja na mie.

Siku yangu ya kwanza pale kwenye duka la baiskeli Temeke nilikuwa mwembamba, ukipiga pampu karibu yangu napeperuka. Mwenye duka, Mzee Awadhi, Mwarabu mzaliwa wa hapahapa Temeke, alikuwa na kitambi kinachofika kazini kabla yake. Nikampa shikamoo.

"Marahaba. Unajua kupindua baiskeli?"

"Najua, mzee."

"Basi umeajiriwa."

Maana sie mafundi wa Dar, baiskeli ikifika tu inapinduliwa, matairi juu. Hata kama mwenyewe kaja kuuliza njia.

Sasa mita. Ni kompyuta ndogo, kama saa ya mkononi, inafungwa kwenye usukani. Sumaku unaifunga kwenye spoki, kijicho chake unakifunga kwenye foki inayoshika gurudumu. Sumaku ikipita mbele ya kijicho, mita inajua gurudumu limezunguka mara moja. Lakini mzunguko mmoja ni umbali gani? Hilo haijui. Unaiambia wewe, kwa milimita. Ukiidanganya kidogo, na yenyewe inakudanganya kila mzunguko, bila aibu.

Mzee Awadhi alijifungia ya kwake. Babu yake alitokea Hadhramauti, kwa Waarabu ng'ambo ya bahari, na yeye hajawahi kukukanyaga. Akasema, "Ndege naogopa, meli natapika. Nitakwenda kwa baiskeli, hukuhuku Dar." Akachukua umbali wa ramani kutoka Temeke mpaka kwa babu yake, akaanza kuhesabu. Kufuata samaki Kunduchi, kumsalimia dada yake Kibamba, zote zinaingia kwenye safari. Ukimuuliza, "Mzee, umefika wapi?" anachungulia mita.

"Jana nimevuka Mombasa. Joto!"

Mkewe, Bi Zuhura, anamjibu kutoka ndani, "Ungeniletea kanga basi, mwanamume mkavu wewe!"

Baadaye nikahamishiwa tawi la Kinondoni, chini ya Msimamizi, mtu wa Newala, mkali mpaka spoki zikimwona zinajinyoosha zenyewe. Siku moja akanikuta nimepindua baiskeli ya mteja, nimezungusha uzi kwenye tairi ili nipate mzunguko wa kuiwekea mita.

"Mwenyewe anaiendeshaga hivyo, miguu juu?"

"Hapana, bosi."

"Sasa mbona unaipima hivyo? Tairi likikaliwa linabonyea! Jaza upepo, mpandishe mwenyewe. Valvu ikiwa chini kabisa, weka alama ya chaki. Sukuma mpaka valvu irudi chini, weka chaki nyingine. Kati ya chaki na chaki ndipo unapima."

Nikakumbuka Temeke. Mita ya Mzee Awadhi aliipima mwenyewe, baiskeli imepinduliwa, kitambi hakimo.

Niliporudishwa Temeke, Mzee alikuwa anaumwa moyo, na mita ilikuwa inasema keshokutwa anaingia kwa babu yake. Kashashona na kanzu ya kufikia. Nikamweleza. Akaikunja ile kanzu, akasema, "Pima upya."

Tukampandisha. Tairi likabonyea, nusura liombe likizo. Tukapata namba mpya, ndogo kuliko ile ya kwanza, tukapiga hesabu ya safari nzima upya.

"Kumbe bado niko baharini," akasema.

"Mzee, tuiache ile ya zamani. Nani atajua?"

"Babu yangu."

Akaendelea kupanda, polepole, anapumua kama pampu iliyotoboka. Watoto wa mtaani wanampita kwa miguu, wanamshangilia. Haikuchukua muda, moyo ukagoma. Alibakiza kipande kidogo tu, unaweza kukimaliza kwa siku moja na chai ukanywa njiani.

Nimefunga mita nyingi, vijana, za wakubwa na za wahuni. Siku hizi simu inaangalia juu angani na kukwambia ulipo, haihitaji chaki wala fundi. Hilo haliniumi. Linaloniuma ni kwamba ile namba ya uongo ingemfikisha akiwa hai, amevaa kanzu yake, na mie ndiye niliyemrudisha baharini. Msimamizi angesema nilifanya kazi sawasawa. Ndiyo. Lakini sawasawa hiyo hainiachi nikalala.

Kwa hiyo kazi yangu ya mwisho kabla ya kustaafu nilijipa mwenyewe. Nikamwomba Bi Zuhura baiskeli ya Mzee. Mita sikuigusa, ilikuwa na namba ya uzito wa Mzee, nami ni mwepesi. Nikafunga kiroba cha mchanga mbele, tairi likabonyea kama enzi zake, nikashika njia ya Kibamba. Namba ya safari ya Mzee ikatimia mbele ya muuza mahindi ya kuchoma. Nikashuka, nikalia, muuzaji akadhani sina hela, akanipa hindi la bure.

Nikarudisha baiskeli Temeke.

"Shikamoo, Bi Zuhura. Mzee kafika."

"Kafika wapi?"

"Hadhramauti, kwa babu yake."

Akaitazama mita, machozi yanamtiririka. Mara akanivaa:

"Kazaliwa Temeke, kaoa Temeke, kazeeka na mie hapahapa Temeke, halafu wewe unakwenda kumtupa huko peke yake? Hebu panda hiyo baiskeli, umrudishe!"